Moto Usioombwa

Nyumba ya baba yake ilikuwa na nyuzi tisa za joto, na hilo lilikuwa haliwezekani.

Edina Sanga aliiangalia tena skrini. Nyumba nyingine zote za Nyalivili zilikuwa na nyuzi nne, mtaa kwa mtaa, kama zinavyotakiwa kuwa wakati wa kipupwe. Kwa nyuzi nne mabomba hayapasuki, mbegu za viazi hazigandi wala hazichipui, na hakuna umeme unaopotea kumpashia joto mtu ambaye hayupo. Na watu hawakuwapo. Walishashuka wote kambini Chimala, kama walivyoshuka kila mwaka tangu mataifa makubwa yalipotandaza lile Pazia angani ili kulipunguza jua. Jua lilipungua kweli. Pwani watu walishukuru, wakaanza tena kulala na shuka. Huko juu Kitulo, ambako zamani watu walilalamikia umande wa mwezi wa sita, ikaanza kuanguka theluji ya kufika madirishani, na kwa hilo hakuna taifa lililoomba radhi.

"Ambakisye, hebu njoo uone kitu."

Ambakisye, mwenzake wa zamu pale Kituo cha Joto mkabala na kambi, alikuja na chai yake mkononi. Alikuwa kijana wa Tukuyu, mpole, mwenye jibu la kila jambo hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

"Panya hao," alisema.

"Panya gani wa kupandisha nyumba nyuzi tano?"

"Panya wa huko kwenu nawasikia. Wanashinda kwenye viazi, wamenenepa."

Edina hakucheka. Jiko la ukutani la nyumba ile lilikuwa limefunguliwa kwa mkono, kwa kile kitufe cha ndani ambacho mwenye nyumba wa kawaida hata hajui kilipo. Mafundi walikificha nyuma ya bamba makusudi. Na fundi aliyefunga majiko yote ya Nyalivili, akavuta nyaya zake kutoka kwenye betri kuu ya kijiji mpaka nyumba ya mwisho, alikuwa mmoja tu.

Alimpigia kaka yake, Obadia, aliyekuwa Mbeya.

"Baba hajambo huko?"

"Huko wapi?" Obadia alisema. "Si yuko kwako?"

Hapo wakaelewa. Baba yao, Mzee Zabloni, alikuwa amemwambia binti kwamba kipupwe hiki atakaa kwa mwana, akamwambia mwana kwamba atakaa kwa binti. Na kwa kuwa Edina na Obadia walikuwa hawajaongea vizuri tangu msiba wa mama yao, kila mmoja akiona mwenzake ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kupiga simu, hakuna aliyeuliza. Mzee aliwajua wanawe. Alipita katikati yao bila hata kuinama.

*

Mnara wa simu wa Nyalivili ulikuwa bado unafanya kazi. Simu iliita mpaka Edina akakata tamaa, ndipo ikapokelewa.

"Baba, uko wapi?"

"Hatusalimiani siku hizi?"

"Shikamoo, baba. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko nyumbani. Na wewe unajua niko nyumbani, ndiyo maana umepiga."

Edina alifumba macho. Nyuma ya sauti ya baba yake alisikia upepo ukigonga bati.

"Umepandaje huko?"

"Kwa lile lori la mwisho lililokuja kuchukua friji ya zahanati. Dereva alidhani mimi ni fundi."

"Wewe ni fundi."

"Basi hakukosea."

"Baba, huko hakai mtu. Nje ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, na kuna dhoruba inakuja. Una chakula? Una kuni?"

"Viazi vipo. Kuni zilikuwepo. Sasa nachoma kitanda cha wageni. Usimwambie kaka yako, ndiye aliyekinunua." Alikohoa, kikohozi chake kile kile cha siku zote. Kilipomwachia, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Edina, mama yako tumemzika mwezi wa tatu. Hiki ndicho kipupwe chake cha kwanza pale nje. Unamjua mama yako na baridi. Alikuwa anavaa soksi mbili mwezi wa kwanza. Mimi nilijaribu kushuka, nikafika mpaka stendi ya Chimala na mfuko wangu. Nikashindwa. Nimwache pale peke yake, kijiji kizima kimezima taa?"

"Ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo."

"Unaona sasa," baba alisema, kama mtu aliyeshinda kesi.

Edina alitaka kumkemea, akatafuta maneno, na yote aliyoyapata yalikuwa ya kulia. Akamwambia aende akae kwenye chumba cha mbegu, chenye kuta nene, ajifunike kila alichonacho. Akamwambia atatuma watu. Baba akasema haya, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia walipokuwa wadogo wakimwahidi kuwa watakuwa madaktari.

*

Hakukuwa na watu wa kutumwa. Barabara ya kupanda mlima ilikuwa imefungwa na theluji kuanzia kona za juu, na trekta la kusafisha lilikuwa limeteleza mtaroni likabaki limelala ubavu. Ndege ndogo zisizo na rubani hazikuruka kwenye upepo ule. Ofisi ya uokoaji ilimwambia Edina kwa upole kwamba dhoruba ikipita watakwenda, na alipouliza itapita lini, yule bwana alisema tumwombe Mungu, jambo ambalo Edina alikuwa ameshalifanya.

Akabaki na skrini yake.

Hesabu ya umeme ilikuwa rahisi, na ndiyo sababu ilitisha. Paneli za jua zilikuwa chini ya theluji na feni za upepo zilikuwa zimeganda. Umeme uliobaki ni ule uliokuwa ndani ya betri kuu, chini ya kanisa. Kama kila nyumba ingebaki kwenye nyuzi nne, betri ingefika mwisho wa dhoruba, kwa shida, lakini ingefika. Nyuzi nne zinatosha kiazi. Mzee mwenye kifua kibovu hazimtoshi. Alihitaji kumi na sita angalau, na umeme wa kumfikisha kumi na sita ungetoka mahali fulani.

Ungetoka Kisimani. Huo ulikuwa mtaa wa mwisho wa waya, nyumba chache zilizoshuka kuelekea chemchemi, na umeme ukipungua wao ndio wa kwanza kuukosa. Nyumba kubwa kuliko zote pale ilikuwa ya Mama Tweve, mjane, mwenyekiti wa akina mama wa mbegu. Ghala lake lilikuwa na vile viazi vyekundu ambavyo huko mabondeni vilishakufa kwa ugonjwa, na kila aliyetaka kuvipanda tena alikuja kwake. Kiazi cha mbegu kikiganda hakionyeshi. Kinabaki kizuri, kigumu, na ngozi yake inang'aa. Siku kinapoyeyuka ndipo kinageuka maji mkononi mwako, na mwaka mzima unakwenda nacho.

Edina alivuta umeme wa Kisimani akaupeleka kwa baba yake. Nyumba ya baba ikaanza kupanda: kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Za Kisimani zikashuka mpaka tatu.

Ambakisye aliona. Akaweka kikombe mezani.

"Umewaomba wenyewe?" aliuliza.

"Bado."

"Dada Edina, akina mama wa Kisimani wako hapo kambini. Ni kuvuka barabara tu."

"Najua walipo."

Alijua pia alichokuwa akifanya. Nyalivili walikuwa na jambo lao moja ambalo hawakulifanyia mzaha. Moto wako ukizimika unakwenda kwa jirani unaomba kaa, na jirani, hata kama mmegombana jana, anaacha kazi yake anakuchotea. Lakini kuingia jikoni kwa mtu akiwa hayupo ukachukua kaa lake, hilo lilimfanya mtu apitwe bila salamu mpaka anazeeka. Majiko ya umeme yalipokuja, wazee walilihamisha jambo hilo kwenye nyaya: joto la nyumba ya mtu halihamishwi bila neno la mwenye nyumba. Mzee Zabloni mwenyewe ndiye aliyelisema mkutanoni, amesimama juu ya kiti akiwa na koleo la nyaya mkononi.

Kwa nini basi asivuke barabara? Kwa sababu akiomba, wanaweza kukataa, na wakikataa itambidi atii. Asipoomba, hakuna aliyekataa. Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya Edina, mtu mwenye akili zake, binti wa fundi. Woga humfanya mtu aone hata ujinga kama ujanja.

*

Asubuhi iliyofuata nyumba za Kisimani zilikuwa na nyuzi mbili. Baba alipiga simu mwenyewe.

"Nyumba imepata joto," alisema. Hakusema kwa furaha.

"Nashukuru Mungu. Kifua kinaendeleaje?"

"Huu moto ni wa nani?"

"Ni wa ziada, baba. Betri ilikuwa na ziada."

"Edina. Hiyo betri niliifunga mimi."

Edina alisikia kitanda cha wageni, au kilichobaki cha kitanda hicho, kikipasuka motoni. Akaona hakuna pa kujificha.

"Ni wa Kisimani."

"Umewaomba?"

"Nimewaomba."

"Mama Tweve amesemaje?"

Edina aliangalia dirishani. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, kamba za nguo za kambi zilikuwa zimejaa blanketi zilizoanikwa.

"Amesema sawa. Amesema pole, na uutumie tu."

Baba alikohoa kwanza.

"Amesema hivyo tu?" baba aliuliza.

"Hivyo tu."

"Hakunitukana?"

"Hakukutukana, baba."

"Haya," alisema Mzee Zabloni. Kisha, taratibu zaidi, "Haya, mama yangu."

Baada ya hapo alizungumza habari nyingine. Aliuliza kama Edina anakula, maana akiwa na mawazo huwa hali. Alisema theluji ilifunika msalaba wa mama, akaenda akaufukua kwa kikaango kwa sababu koleo la theluji aliliazimisha kwa mchungaji na mchungaji harudishi vitu. Alisema Obadia si mtu mbaya, ana kiburi tu, na kiburi chenyewe amekitoa kwa upande wa mama. Edina alijikuta akicheka, machozi yanamtoka, na baba akafurahi kumsikia anacheka.

"Simu tuiache sasa," alisema. "Huu mnara unakula umeme bure. Nitauzima, swichi yake iko hapa kanisani jirani."

"Usiuzime, baba. Nitajuaje hali yako?"

"Si una skrini? Hiyo haitumii mnara, ina waya wake. Utaniona humo."

Akakata. Muda si mrefu mnara wa Nyalivili ukatoweka kwenye ramani, na Edina alipopiga tena hakupata hata mlio.

*

Saa za adhuhuri nyumba ya baba yake iliruka ghafla. Kumi na sita, ishirini na tano, thelathini na tatu.

Edina alisimama. "Ambakisye, ona, kuna joto. Ona joto lilivyopanda." Alikuwa anatabasamu. Alidhani baba yake amepata kuni nyingi, labda amechoma kabati, labda amevunja mlango wa zizi, na alikuwa tayari kumnunulia makabati na mazizi mpaka afe.

Ambakisye hakuangalia joto. Aliangalia mstari wa chini yake, unaoonyesha umeme unaoingia kwenye nyumba.

"Dada," alisema. "Haivuti umeme. Imefika sifuri."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Edina peke yake kwa muda, halafu likaondoka.

Kipimajoto cha kila nyumba kilikuwa kidude cheupe, kidogo kama sabuni ya kuogea, kimebandikwa ukutani katikati ya nyumba. Chenyewe ndicho kilicholiambia jiko liwake au lizime. Kikisoma zaidi ya nyuzi thelathini jiko linajifunga kabisa, kwa sababu mwaka wa pili wa theluji jiko moja liliharibika likaiteketeza nyumba isiyo na mtu, na moto ukashika na ya jirani. Likishajifunga hakuna wa kulifungua kwa mbali, awe nani, mpaka kipimajoto kishuke chini ya kumi na tano. Aliyedai kufuli hilo liwekwe alikuwa Mzee Zabloni. Alisema mtu aliyeko mbali hapaswi kuwa na uwezo wa kuiunguza nyumba ambayo haioni.

Thelathini na tatu si joto la chumba. Ni joto la kifua cha mtu, chini ya koti.

"Amekibandua," Edina alisema. "Amekikumbatia."

"Kwa nini afanye hivyo? Akilifunga jiko si atakufa kwa baridi?"

"Angelizima kwa kitufe, ningeliwasha tena kutoka hapa," Edina alisema. Umeme ulikuwa ukirudi Kisimani. Nyumba za kule zilitoka mbili zikaenda tatu, na ya Mama Tweve ikawa ya kwanza kugusa nne. Baba yake hakuwa ameamini neno hata moja. Alikuwa ameishi jirani na Mama Tweve maisha yake yote. Alijua yule mama hasemi sawa, na hasemi pole, na asingeutoa moto wake bila kwanza kuchukua simu na kumchambua Zabloni kuanzia utosini mpaka ukuchani. Binti yake alikuwa amemletea moto wa wizi. Hakumgombeza. Alimuuliza kama anakula, kisha akaurudisha.

*

Edina alivuka barabara akikimbia, kiatu kimoja kikamtoka akakiacha.

Mama Tweve alikuwa amekaa nje ya hema lake akimenya viazi, vitenge viwili mabegani. Edina alipiga magoti kwenye matope, akamsalimia kikwao.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Inuka, unachafuka. Nani amekufa?"

Edina alimwambia yote. Alimwambia kuhusu nyuzi mbili, na kuhusu yale maneno aliyomtungia. Akina mama wengine wa Kisimani walikuwa wakisogea mmoja mmoja. Mama Tweve alisikiliza kisu kikiwa kimesimama kwenye kiazi.

"Mimi?" alisema mwishowe. "Mimi niseme sawa, pole, uutumie tu? Zabloni na mimi tumechunga pamoja. Zabloni alinivunja jino hili hapa kwa jiwe. Ningempigia simu nikamtukana mpaka huo mnara wenu ungezimika wenyewe, mzee mzima kwenda kujificha kwenye lori. Halafu ningempa. Ningempa nyumba yote, na viazi vyote, tungekula mizizi. Ulidhani sisi ni watu gani, Edina?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba mtakataa."

Mama Tweve alimwangalia. Hasira ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukitazama.

"Jana ungesema, mwanangu," alisema. "Jana alikuwa anapokea simu."

Akainuka, viazi vikamwagika mapajani. Hakuwauliza wenzake. Aligeuka tu akawatazama, na kila mmoja akasema mpe, mpe, mwingine akiwa tayari anafunga kitenge kiunoni ili wakimbie. Walikwenda Kituoni wote, na mlinzi wa getini alipowauliza vitambulisho walimpita kama hayupo.

*

Ruhusa ilikuwepo sasa. Umeme ulikuwepo. Jiko lilikuwa limefungwa.

Edina alijaribu kila amri aliyofundishwa na nyingine ambazo hakufundishwa. Ambakisye aliwapigia wakubwa zake mpaka juu kabisa, na wote walimjibu jambo moja: kufuli hilo lilitengenezwa lisifunguke, na limetengenezwa vizuri. Kwenye skrini namba ilikuwa thelathini na moja.

"Mwambieni," Mama Tweve alisema. "Mwambieni nimetoa."

"Hakuna simu, mama."

"Mashine zote hizi, na hakuna hata moja ya kumwambia mtu neno?"

"Zinapima tu," Ambakisye alisema, na aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyezitengeneza.

Ni Ambakisye huyo huyo aliyekumbuka taa. Kila nyumba ilikuwa na taa ya mlangoni, na taa hazikuwa na kufuli. Aliwasha za Kisimani zote mara moja, mchana ule wa ukungu na theluji, akazima, akawasha, akazima, akawasha. Kutoka dirisha la chumba cha mbegu cha Mzee Zabloni mtu aliweza kuuona mtaa ule, kama kioo hakijaganda, kama mtu amekaa upande huo, kama macho bado yanatazama.

Namba ilikuwa imeshuka mpaka ishirini na nane. Ikasimama. Kisha ikapanda ishirini na tisa.

Akina mama wote walisimama. Mama Tweve alisogea mpaka karibu na skrini, akainamia ile namba. "Zabloni," alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua. "Mpumbavu wewe. Rudisha hicho kidude ukutani. Nimekupa. Hizo taa ni zangu, huzioni? Kirudishe ukutani, ukishuka tutagombana vizuri."

Ilikaa ishirini na tisa muda ambao Edina baadaye hakuweza kuukadiria. Labda aliziona taa. Labda alijaribu kuinuka na miguu ikamkatalia. Labda alijikunja tu, kama mtu anavyojikunja usingizini, na kifua kikasogea karibu zaidi na kipimajoto. Hakuna atakayejua. Kisha ikawa ishirini na nane tena, na haikupanda tena.

Walikaa chini sakafuni kama watu wanaokaa na mgonjwa. Obadia alifika kutoka Mbeya, akasimama mlangoni na koti lake zuri, na Edina akasogea kumpisha. Alikaa, akamshika dada yake mkono, na yale mambo yao waliyokuwa wakibishania tangu msiba yakawa hayana mtu wa kuyabishania. Ambakisye alileta chai ambayo haikunywewa. Mama mmoja alianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na wengine wakaushika, wakauimba mpaka mwisho wakauanza upya. Usiku huo hakuna aliyerudi kambini. Namba ilishuka taratibu, bila haraka yoyote, ishirini na nne, ishirini na moja, na Edina aliitazama kila moja ikiondoka, kwa sababu baba alisema ndimo atakamomwona.

*

Asubuhi, kukiwa kumeshapambazuka, namba ilifika kumi na nne.

Kufuli likafunguka. Jiko la Mzee Zabloni, ambalo lilikaa limefungwa tangu jana, liliamka na kuandika kwenye skrini kwamba nyumba ina baridi, na kwamba liko tayari kuwaka likipewa ruhusa. Umeme ulikuwepo wa kutosha. Mtaa wote wa Kisimani ulikuwa na nyuzi nne kamili, hakuna kiazi hata kimoja kilichopotea, na wenye viazi walikuwa pale chumbani, wametoa ruhusa yao mara kumi.

Mkono wa Edina ulikwenda kwenye kitufe wenyewe. Mama Tweve akaushika kabla haujafika.

"Mwanangu," alisema. "Barabara haitafunguka wiki hii."

"Najua."

"Mpaka tufike tumlaze pale kwa mama yako, siku zitapita."

"Najua, mama."

"Basi unajua kwamba sasa hapaswi kupata joto."

Obadia aliinamisha kichwa. Edina alimtazama Mama Tweve, kisha akaitazama nyumba aliyozaliwa, ikiwa namba moja ndogo kati ya nyingine arobaini. Kwa ajili ya nyumba hiyo alikuwa ameiba na kudanganya, na angeiba tena. Sasa kitu pekee alichobaki nacho cha kumfanyia baba yake kilikuwa kumwacha kwenye baridi.

"Nenda ukalale," Ambakisye alimwambia. "Mimi nitakaa hapa."

"Hapana."

Alivuta kiti akakaa. Jiko liliomba ruhusa, Edina akakataa. Ilivyotengenezwa mashine ile haikubali kukataliwa mara moja. Kila baada ya muda mfupi iliuliza upya, kwa maneno yale yale ya adabu, kama inaweza kuipasha nyumba joto. Alikataa tena. Wale akina mama walibaki nyuma yake, na yeye akaendelea kukataa, mara baada ya mara, akilia, kila alipoulizwa.